Breki Zimeisha: Spana Yako au ya Fundi?
Kwetu Kericho, Litein, Sotik na Bomet mvua haituachi kwa muda mrefu, na njia ya kwenda kituo cha kununulia majani chai ni miteremko na matope. Matope yenye mchanga yakishika rimu, raba za breki za baiskeli huliwa upesi mno.

Mifereji ya raba ikifutika, usingoje. Kazi ya kuzibadilisha ifanye mwenyewe. Spana moja, mara nyingi namba 10, inatosha. Raba iguse rimu pekee, kwa sababu ikipanda kwenye tairi italikata. Kwa baiskeli ya Black Mamba yenye breki za vyuma, raba huvutwa juu na kugusa rimu kwa ndani, kwa hiyo chunguza huko.

Cheni pia unaweza kuipima nyumbani kwa rula. Anzia katikati ya pini moja: pini ya 24 baada yake iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua nyingine. Ikizidi kwa 1/8, huenda meno ya friwili nayo yameliwa.

Friwili, jamani, mpelekee fundi. Hutoka kwa kifaa chake maalumu, na ukiipiga kwa nyundo na patasi utaharibu habu. Kununua kifaa utakachotumia mara moja kwa miaka ni hasara. Uliza bei kwanza, kisha simama hapo utazame.

Ukishafunga breki, zibane zote mbili uisukume baiskeli kwa nguvu. Gurudumu likizunguka, usiishukie mlima.