Usiogope Kushonwa, Ogopa Kuchelewa

Ndugu zangu wakimbizi wa hapa Buyenzi, Bujumbura, wengi wetu tukikatwa na panga, bati au chupa tunapaka majivu na kukaa nyumbani. Mimi nilificha mguu siku tatu kwa kuogopa sindano. Kovu langu hili pana mnaliona.

Ukikatika, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Lioshe kwa maji safi mengi na sabuni. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Muuguzi atadunga ganzi, yaani lidokaini, kando ya jeraha. Inachoma kidogo, baada ya dakika chache utasikia kuguswa na kuvutwa tu. Ukisikia maumivu, sema. Kama dawa hiyo iliwahi kukudhuru, mwambie kabla.

Jeraha chafu lililokaa siku nyingi mara nyingi halishonwi, maana kulifunga ni kufungia usaha ndani. Uliza pia chanjo ya pepopunda.

Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi. Za miguuni, siku 10 hadi 14. Usizitoe mwenyewe. Pakivimba au pakitoa usaha, rudi upesi.