Mukate wa Eliya ndani ya ndege

Somo: 1 Wafalme 19:1-8



Tuliporudi kutoka Ubelgiji, ndugu mumoja wa kanisa alituuliza kwa sauti ya chini: «Ni kweli mulicheka ndani ya ndege, na mulikuwa munaenda kuzika mukwe wenu?» Ni kweli. Tulicheka. Tumeona vizuri tujibu hapa, kwa sababu hata sisi tulijiuliza.

Tulitoka Goma, tukavuka mupaka, tukapanda ndege Kigali usiku. Ilikuwa siku ya tano karibu bila usingizi. Binti yetu alikuwa anatungoja kule na watoto wawili, nasi hatukuwa na neno la kumuambia. Biblia ilikuwa kwenye magoti, lakini macho yalirudia mustari uleule mara kumi. Kuomba pia kulitushinda. Chakula tulirudisha.

Nyuma ya kila kiti kuna televizyo ndogo. Filme za vita tulizipita haraka. Vita tunayo nyumbani. Tukaangukia Mr. Bean, ile ya 2007, ambamo anashinda tombola ya kanisa na kupewa safari mupaka kwenye bahari ya kusini ya Ufaransa. Hasemi karibu kitu, kwa hiyo hakuna luga ya kukusumbua. Kule Paris analetewa vyakula vya bahari, hajui kuvikula, anatafuna pamoja na maganda. Chaza anazimwaga ndani ya mukoba wa mama wa meza ya jirani. Ni upuuzi mutupu. Mumoja wetu akaanza kucheka, akaziba mudomo kwa kitenge, mwingine akafuata. Filme ilipoisha, tulilala karibu saa tatu.

Eliya alikimbia Yezebeli, akaketi chini ya muti katika jangwa, akaomba afe. Malaika hakumuletea mahubiri. Hakumuuliza imani yake imeenda wapi. Alimugusa, akamuonyesha mukate na maji. Eliya akala, akalala tena, na malaika hakumukemea. Alimuamsha ale mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Ulizo la Mungu lilikuja nyuma ya siku 40, kule Horebu. Sisi wahubiri tunarukia Horebu haraka sana. Tunamukuta mufiwa siku ya kwanza ya kilio, tunamupa sura tatu juu ya mapenzi ya Mungu, naye hajakunywa hata chai.

Hatusemi Mr. Bean ni malaika, wala kwamba kila filme inafaa macho ya Mukristo. Lakini usiku ule, huo ndio mukate tulioweza kumeza.

Asubuhi, kule Brussels, binti yetu alituuliza: «Papa, Mama, mulilala?» Tulitazamana. Mwishowe tukamuambia yote, hata filme. Alinyamaza. Kisha akasema bwana yake aliitazama na watoto mara nyingi, na alikuwa anamuigiza Bean mezani kila siku ya samaki. Akacheka kidogo, akaanza kulia. Alisema ni mara ya kwanza machozi yanatoka tangu kifo. Tulikaa naye palepale kwenye viti vya kungojea, mizigo miguuni, mupaka alipomaliza.