Kompyuta Ikikataa Kuwaka, Okoa Faili Zako Kwanza



Kuna maneno ambayo karibu kila mwenye saiba, Lodwar hadi Kakuma, amewahi kukutana nayo kwenye skrini nyeusi: "BOOTMGR is missing". Mashine kuukuu zaidi husema "NTLDR is missing". Nyingine huandika "Operating system not found", au hutaja faili moja kwa jina, kama vile hal.dll au winload.exe, na kuongeza nambari ndefu inayoanza na 0x. Zote zinasema karibu jambo lile lile. Stima imefika, feni inazunguka, lakini kompyuta imetafuta faili inayoihitaji ili iamke na haikuipata pale ilipotarajia.

Ujumbe huo unaudhi, ila hasara kubwa mara nyingi huja baadaye. Mwenye mashine huibeba hadi kwa fundi. Fundi huitazama dakika mbili, kisha husema, "Hii ni ya kuformati tu." Baada ya saa moja au mbili kompyuta inawaka vizuri, safi kama mpya, na tupu kama mpya. Fomu za basari zilizoskaniwa, daftari la chama cha akina mama, maswali ya mtihani ya mwalimu, hesabu za duka za miaka mitatu, utafiti wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana: vyote vimekwenda. Na pengine hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na kasoro.

Faili za mfumo na faili za mwenye kompyuta ni vitu viwili tofauti. Windows ina faili zake za kuamshia mashine, nazo hukaa sehemu yake. Barua, picha na hesabu za mtu hukaa sehemu nyingine ya diski ile ile. Mwenye duka akipoteza ufunguo wa kufuli hasemi bidhaa zimeibwa, na hakubali mtu amwambie achome duka ajenge jingine. Anatafuta njia ya kufungua mlango.

Dunia nzima ililiona jambo hili tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta, CrowdStrike, ilituma sasisho lenye kasoro, na takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows zikagoma kuwaka. Viwanja vya ndege, benki na hospitali katika nchi nyingi vilikwama. Tiba, kwenye mashine nyingi, ilikuwa kuingia kwa njia ya dharura na kufuta faili moja mbovu ya kampuni hiyo. Haikuhitajika kuformati. Kazi za watu zilikuwa palepale zilipoachwa.

Kwa nini basi tatizo hili ni la kawaida sana kwetu huku? Sababu ya kwanza ni stima. Bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, limekuwa likizalisha umeme tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Laini yake kubwa ilielekea kusini hadi Lessos, huku mji wa Lodwar ukibaki kwa miaka mingi ukitegemea mitambo ya dizeli. Kakuma, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, familia na wafanyabiashara wengi wamenunua umeme kutoka kwa jirani mwenye jenereta, na siku hizi kutoka kwa sola. Jenereta huzimwa mafuta yakiisha, wala haimsubiri mtu amalize kuchapisha. Kompyuta inayokatiwa stima ikiwa katikati ya kuandika kwenye diski huacha kazi nusu. Ikiwa wakati huo ilikuwa inajisasisha, kilichoachwa nusu kinaweza kuwa ndiyo faili ya kuiamshia kesho yake.

Wenye laptopu wasijione wako salama. Laptopu nyingi zinazouzwa huku ni zile za mitumba, ex-UK, na betri zake zimechoka. Laptopu isiyo na betri nzuri huzimika pamoja na stima, sawa na kompyuta ya mezani.

Kisha kuna joto na vumbi. Mchana wa Lodwar kufika nyuzi 35 si habari. Ndani ya kasha la kompyuta lililojaa vumbi huwa moto zaidi, na diski zile za kuzunguka hazipendi moto wala mtikisiko. Mashine iliyosafirishwa kilomita 120 kutoka Lodwar hadi Kakuma nyuma ya gari inaweza kufika na waya wa diski umelegea kidogo tu. Kidogo hicho kinatosha kuleta ujumbe wa "faili haipo".

Basi, ujumbe ukitokea, hatua ya kwanza haigharimu hata shilingi moja. Zima mashine. Chomoa flashi, kadi ya kumbukumbu, CD na kila kilichochomekwa isipokuwa kibodi na kipanya. Washa tena. Kompyuta nyingi hupangiwa kutafuta mfumo kwenye flashi kabla ya kutazama diski yake yenyewe. Ikikuta flashi ya mteja yenye picha za harusi, hulalamika kwamba haioni mfumo. Kwenye saiba, ambako flashi ishirini huingia na kutoka kwa siku, hili hutokea mno, na inasikitisha kufikiria ni mashine ngapi zimeformatiwa kwa sababu ya flashi iliyosahauliwa.

Ikiendelea kugoma, isikilize. Diski ya kuzunguka ikitoa mlio wa kugonga, tak, tak, tak, zima kabisa na usijaribu tena. Hiyo ni diski inayokufa, na kila jaribio linaweza kuharibu zaidi. Hapo kazi pekee ni kuokoa faili, na ni kazi ya fundi mwenye uzoefu.

Ikiwa kimya, tazama kama inaitambua diski yake. Wakati wa kuwasha, bonyeza F2 au Delete mara kadhaa (mashine nyingi za HP hutumia F10) hadi ukurasa wa mipangilio ufunguke. Humo huorodheshwa diski zilizomo. Diski isipotajwa, tuhuma ya kwanza ni waya. Kwa kompyuta ya mezani, mtu mwangalifu anaweza kuchomoa stima, kufungua kasha, kupuliza vumbi na kusukuma waya wa diski ukae sawa pande zote mbili. Diski ikitajwa lakini haiko ya kwanza kwenye mpangilio wa kuamkia, irudishwe ya kwanza, na mabadiliko yahifadhiwe kabla ya kutoka.

Hapo hapo angalia saa na tarehe. Kompyuta inayosema kila asubuhi kwamba huu ni mwaka wa miaka kumi iliyopita ina betri ndogo iliyokufa. Ni kibetri cha mviringo kama sarafu, na kwenye kompyuta nyingi za mezani huwa kimeandikwa CR2032. Kikifa, mashine husahau mipangilio yake kila inapochomolewa, ikiwemo diski ipi itazamwe kwanza. Tarehe mbovu pia hufanya tovuti salama zikatae kufunguka, na mtu hudhani eCitizen ndiyo imeanguka. Kubadilisha kibetri hicho ni kazi ya dakika chache.

Ikiwa diski inaonekana na mpangilio uko sawa, huenda kweli faili za kuamshia zimeharibika. Windows 10 na 11 zina fundi wao wa ndani. Mashine ikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, kwa kawaida huleta skrini ya buluu yenye neno "Troubleshoot". Ingia humo, kisha "Advanced options", kisha "Startup Repair", uisubiri. Isipoleta, itahitajika flashi ya kusakinishia Windows, ya gigabaiti 8 au zaidi, iliyotengenezwa kwenye kompyuta nzima kwa programu ya Microsoft yenyewe. Kompyuta ikiamka kwa flashi hiyo, tafuta chaguo la kurekebisha, "Repair your computer". Usiguse "Install now". Chaguo moja linafungua mlango, lingine linaweza kufagia nyumba.

Mwenye ujuzi kidogo anaweza kufungua "Command Prompt" kwenye menyu ile ile na kuandika bootrec /fixmbr, kisha bootrec /rebuildbcd. Kwa mashine mpya zaidi hutumika bcdboot, ikifuatwa na mahali folda ya Windows ilipo. Amri ya chkdsk, ambayo wengi hupenda kuianza, ingoje. Diski ikiwa mgonjwa, chkdsk inaweza kuichosha kabla faili hazijatolewa.

Kuna njia moja ya kuokoa faili ambayo hata mafundi wengine hawaijui. Kwenye Command Prompt hiyo hiyo, andika notepad na ubonyeze Enter. Daftari dogo litafunguka. Chagua "File", kisha "Open", na chini badilisha aina ya faili iwe "All Files". Dirisha hilo huonyesha folda zote za diski. Tafuta folda "Users", kisha jina la mwenye mashine, kisha nakili folda anazozitaka kwenye flashi au diski ya nje. Dirisha halionyeshi maendeleo, kwa hiyo inabidi kuwa na subira. Anayependa njia iliyo rahisi zaidi atumie flashi ya Ubuntu na kuchagua "Try Ubuntu", si kuisakinisha. Au diski itolewe na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB.

Tahadhari mbili. Baadhi ya laptopu za miaka ya karibuni hufunga diski kwa siri, na zikiguswa hivi zitaomba ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, hivyo barua pepe na nywila aliyoanza nayo zisipotee. Ya pili ni tovuti zinazojitolea kukupa ile faili moja iliyotajwa kwenye skrini, bure. Faili ya mfumo hutoka kwa mtengenezaji wa mfumo. Ya kuokota njiani inaweza kuja na virusi.

Mafundi wetu wa Lodwar na Kakuma, wenyeji na wakimbizi, wengi ni vijana wenye bidii waliojifunza kwa kuvunja na kuunga. Hakuna anayewalaumu. Kuformati ni kazi ya haraka, na mteja mara nyingi hulipa kidogo na kutaka mashine yake jioni hiyo hiyo. Ndiyo maana maneno yasemwe kabla ya kuiacha mashine: "Naomba faili zangu zitolewe kwanza, ziwekwe kwenye diski hii, nizione, halafu ndipo uendelee." Mteja aje na diski yake, akubali kwamba kuokoa faili ni kazi yenye bei yake, na aulize bei hiyo mapema. Fundi anayekataa kabisa kujaribu, asilazimishwe. Atafutwe mwingine.

Wenye saiba wana mzigo zaidi. Kompyuta zao zimebeba nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na PIN za KRA za watu ambao hata hawawakumbuki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde, na diski kuachwa kwa fundi wiki nzima bila mpangilio si kuzilinda. Kilichokwisha kuchapishwa na ambacho mteja hakihitaji tena kifutwe siku hiyo hiyo.

Tarehe za serikali hazisubiri kompyuta ipone. Marejesho ya kodi mwisho wake ni tarehe 30 Juni, na tarehe za mwisho za basari zikipita zimepita. Anayejaza mapema ana nafasi ya kuharibikiwa na bado akafaulu. Nakala za stakabadhi zikae mahali pawili: moja kwenye diski ya nje au flashi, nyingine kwenye barua pepe ya mwenyewe. Flashi peke yake haitoshi, maana hupotea, na wapo wanaoziacha kwenye dashibodi ya gari Lodwar saa saba mchana.

Kifaa cha kuhifadhia umeme, ile UPS, hata ndogo, humpa mtu dakika chache za kufunga kazi na kuzima kwa utaratibu. Mwenye jenereta akiwapigia wateja wake simu dakika kumi kabla ya kuzima, atakuwa amefanya kazi ile ile bila gharama. Wenye Windows 10 nao wajue kwamba masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine bado inafanya kazi, lakini ikiguswa na virusi haina mtetezi wa kutegemewa.

Ile flashi ya kurekebishia Windows itengenezwe sasa, wakati kompyuta bado ni nzima na intaneti ipo. Vikundi vya vijana na shule zinaweza kuchangia moja. Iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika, ifungiwe kabatini, na isiachwe ikiwa imechomekwa kwenye mashine.