Papa, Bahari na Mgeni Kutoka Bara: Mazungumzo kwa Wakazi wa Soko la Burma



Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, familia nyingi za Eastlands hushuka pwani. Wengine hupanda basi la usiku, wengine gari moshi la Madaraka Express lililoanza safari zake mwaka wa 2017. Kwa watoto wengi hiyo huwa mara ya kwanza kuiona bahari, na swali lao huwa lile lile: je, kuna papa? Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa ukweli, si kwa mzaha wala kwa vitisho.

Papa wapo. Bahari ya Hindi ina aina nyingi za papa, wadogo na wakubwa, na watu wa pwani wamewavua na kuwala kwa karne nyingi. Lakini papa kumuuma mwogeleaji katika fuo za Kenya ni jambo la nadra sana. Daftari la kimataifa la mashambulizi ya papa, linalotunzwa katika Chuo Kikuu cha Florida huko Marekani, lilihesabu visa 69 vya watu kuumwa bila kumchokoza papa duniani kote mwaka wa 2023, na visa 47 mwaka wa 2024. Wengi wa walioumwa walipona. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021. Anayekwenda pwani na aweke hesabu hizo mbili pamoja kabla ya kuvua viatu.

Ukuta wa mwamba

Pwani ya Kenya ina bahati. Kuanzia Malindi kuelekea kusini hadi Shimoni, sehemu kubwa ya ufuo imezungukwa na mwamba wa matumbawe. Mawimbi makubwa huvunjikia huko nje, na kati ya mwamba na mchanga hubaki maji ya kina kifupi. Papa wakubwa hupenda kina kirefu, kwa hivyo kwa kawaida hukaa upande wa nje. Anayeoga ndani ya mwamba, mchana, mahali penye watu, yuko mbali na njia zao.

Ukuta huo una milango. Mwamba umekatika kwenye mkondo wa Kilindini ambako meli huingia bandarini Mombasa, na pia kwenye midomo ya mito, kwa kuwa matope na maji baridi ya mto hayaruhusu matumbawe kukua. Hapo ndipo mwogeleaji hapaswi kuwa.

Mto mmoja wa aina hiyo unawahusu wakazi wa Eastlands moja kwa moja. Maji ya Mto Nairobi yanayopita Gikomba na kuendelea Dandora huingia Mto Athi. Athi hugeuka jina na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Msimu wa mvua bahari ya hapo huwa ya rangi ya udongo. Katika maji machafu kama hayo papa haoni vizuri, na anaweza kuuma mguu wa mtu akidhani ni samaki. Aina moja, papa dume, huvumilia hata maji ya mto na huwinda kwenye midomo ya mito. Taka zinazotupwa mtoni hapa Nairobi zina safari ndefu, na mwisho wa safari hiyo ni baharini.

Somo la Mogadishu

Wauza nyama wa Burma wataelewa kisa hiki upesi kuliko watu wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, mji wa Mogadishu, Somalia, ulipata sifa mbaya kwa papa. Waogeleaji waliuawa karibu na ufuo, mahali ambapo watu walizoea kuoga. Walioandika kuhusu mkasa huo walitaja mambo mawili: ujenzi wa bandari, na machinjio yaliyokuwa yakimwaga damu na matumbo ya mifugo baharini. Papa hunusa damu kwa umbali mkubwa. Walifuata chakula, nao watu walikuwa wakioga pale pale chakula kilipomwagwa.

Kila anayefanya kazi sokoni anajua kwamba palipo na mabaki ya nyama hapakosi mbwa, mwewe na korongo. Bahari nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo mwogeleaji asikae karibu na wavuvi wanaopasua samaki, wala mahali panapotupwa matumbo yao.

Kisiwa cha Réunion, katika Bahari hii hii ya Hindi, kinatoa somo la pili. Baada ya watu kadhaa kuuawa na papa, serikali ya kisiwa hicho mwezi wa Julai 2013 ilipiga marufuku kuogelea na kuteleza juu ya mawimbi, isipokuwa ndani ya maji yaliyozungukwa na mwamba na katika sehemu zenye ulinzi. Yaani mwamba ule ule ambao Diani na Bamburi wanao bure, kule ndio uliofanywa mpaka wa usalama.

Desturi za kujikinga

Mwogeleaji aingie majini mchana. Alfajiri na magharibi ni saa za papa kuwinda. Aoge pamoja na wenzake, maana aliye peke yake hana wa kumwona akipata shida. Aache pete, mikufu na saa zinazong'aa, kwani papa huona mng'ao kama wa magamba ya samaki. Mwenye kidonda kinachotoka damu abaki mchangani. Maji yakiwa na matope, au samaki wadogo wakiruka kwa makundi kana kwamba wanafukuzwa, watu watoke.

Papa akionekana, mtu asipige kelele na kurusha miguu. Amtazame, arudi nyuma polepole kuelekea ufuoni, na atoke. Akivamiwa, apige kwa nguvu puani, machoni au kwenye matamvua.

Akiumwa, damu ndiyo ya kuwahi. Azuiliwe damu pale pale ufuoni kabla ya kutafuta gari. Nguo safi ikandamizwe juu ya jeraha bila kuinuliwa kila mara kutazama. Damu ya mkono au mguu ikikataa kukoma, kitambaa kipana kifungwe juu ya jeraha, kikazwe kwa kijiti, na saa kilipofungwa ikumbukwe ili daktari aambiwe. Majeruhi afunikwe apate joto, asipewe chakula wala kinywaji, na msaada uitwe kwa nambari 999 au 112.

Si kila papa ni adui. Kuna yule mkubwa kuliko samaki wote, anayefikia urefu wa mita 12 na zaidi, ambaye wavuvi wa Kenya humwita papa shilingi kwa sababu ya madoa meupe mgongoni mwake. Chakula chake ni vijidudu na visamaki vidogo anavyovichuja majini. Hana haja na mtu, wala mtu hana sababu ya kumdhuru.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Burma, jina la soko hili, ni jina la nchi ya Asia ambako maelfu ya askari kutoka Afrika Mashariki walipigana mwaka wa 1944 na 1945. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache, na zaidi ya watu 1,200 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Miaka 50 baadaye, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama Mombasa na watu 272 wakapoteza maisha. Misiba hiyo haikuletwa na papa. Maji yenyewe yanatosha kuua.

Kwa hivyo mgeni kutoka bara ayajue maji kwanza. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takribani saa 24 na dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Watu hutembea hadi mwambani maji yakiwa yamekupwa, wakapiga picha na kuokota makombe, kumbe maji yanarudi kupitia mifereji iliyo nyuma yao. Wanapogeuka, njia ya kurudi imezama. Kabla ya kwenda mwambani, mwenyeji aulizwe: maji yanajaa saa ngapi?

Anayevutwa na mkondo kuelekea bahari kuu asipambane nao. Aogelee sambamba na ufuo mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo arudi. Tyubu za magari zinazokodishwa ufuoni si kinga kwa asiyejua kuogelea: upepo huzisukuma mbali, na mkono ukiteleza hakuna cha kushika. Aliyekunywa pombe asiingie majini. Mtoto mdogo awe mahali ambapo mkono wa mzazi unamfikia, kwa sababu mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Mtu akizama, asiye mwogeleaji asimrukie. Amtupie boya, kamba, fimbo au hata leso iliyofungwa fundo, huku akiita waokoaji. Mara nyingi aliyemrukia mwenziwe amezama naye.

Mambo haya hayaanzii Mombasa. Machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua pembezoni mwa jiji huua watoto kwa namna ile ile, na huko hakuna papa hata mmoja. Mzazi anayemfundisha mtoto wake kuelea, na kumkataza kuoga peke yake, amemkinga machimboni na baharini pia.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Anayeshuka pwani Desemba hii aende kwa furaha, aulize wenyeji, aoge ndani ya mwamba, na arudi nyumbani na watoto wote aliokwenda nao.