Uvimbe wa Shingo Usidharauliwe: Ugonjwa wa Graves na Saratani ya Thairoidi

(Maelezo ya afya kwa wakazi katika mkutano wa hadhara wa kata)



Shingoni, chini kidogo ya koromeo, mna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iitwayo thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, hata utulivu wa nafsi. Kwa baadhi ya watu, kingamwili, ambazo ni walinzi wa mwili dhidi ya maradhi, huigeukia tezi hiyo na kuichochea ifanye kazi kupita kiasi. Ugonjwa huo huitwa Graves, kwa jina la Robert Graves, tabibu wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Huwapata zaidi wanawake.

Mgonjwa hukonda ingawa anakula vizuri. Mikono humtetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio, usingizi humpaa na pengine macho humtokeza. Dalili hizi huwaletea watu maneno mengi. Aliyekonda hudhaniwa ana UKIMWI; aliyetokwa macho hudhaniwa amerogwa. Naye kwa kuona haya hujifungia ndani, hali tiba yake ipo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ndugu wananchi, kwa muda mrefu iliaminika kwamba tezi inayofanya kazi kupita kiasi haipatwi na saratani. Imani hiyo si sahihi. Miongoni mwa wagonjwa wa Graves waliopasuliwa, wapo waliokutwa na saratani ndani ya tezi ileile. Nyingi huwa ndogo, na aina inayoonekana zaidi ni ile ikuayo polepole na kutibika vizuri ikigunduliwa mapema. Basi hofu isitangulie, wala uzembe usifuate.

Jambo la kuzingatia ni hili. Kwa kawaida ugonjwa wa Graves huivimbisha tezi yote kwa pamoja. Kivimbe kilichojitenga upande mmoja ni habari nyingine. Tuseme mama ametumia dawa miezi kadhaa, moyo umetulia na mwili umerudi, lakini kijinundu kimebaki shingoni. Majirani humwambia kuwa goita ni goita tu. Kumbe dawa ile hupunguza homoni, haiondoi kivimbe. Hata kipimo cha damu cha homoni kikiwa kizuri, hakithibitishi kwamba hakuna saratani.

Kivimbe cha namna hiyo huchunguzwa kwa altrasaundi. Kikitiliwa shaka, daktari huchukua chembe kwa sindano nyembamba ili zikatazamwe kwa hadubini. Kipimo hicho hakihitaji kulazwa. Vivimbe vilivyo vingi hubainika kuwa si saratani, na mwenyewe hurudi nyumbani akiwa na amani.

Asikawie kufika zahanati au kituo cha afya, ili apewe rufaa, mtu mwenye mojawapo ya dalili hizi:

- kivimbe kigumu au kinachokua haraka;
- sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu;
- shida ya kumeza au kupumua;
- matezi yaliyovimba pembeni mwa shingo;
- kivimbe shingoni, ikiwa katika ukoo wake yupo aliyeugua saratani ya thairoidi, au ikiwa shingo yake ilipigwa mionzi ya tiba utotoni.

Anayeshindwa kupumua apelekwe hospitali papo hapo.

Saratani ikithibitika, tiba kuu ni upasuaji. Kabla yake homoni hutulizwa kwanza kwa dawa, maana kumpasua mtu ambaye tezi yake bado inakwenda mbio ni hatari kwa moyo. Baadhi ya wagonjwa huongezewa iodini ya mionzi, huduma inayopatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mjamzito na anayenyonyesha hawapewi tiba hiyo. Aliyeondolewa tezi yote humeza kidonge cha homoni kila siku maisha yake yote, na kwa kidonge hicho hulima, hufanya biashara na hulea watoto kama wengine.

Wanaotumia kabimazole wakumbuke mambo mawili. Kwanza, wasiache dawa kwa sababu tu wamepata nafuu. Pili, wakipata homa au vidonda vya koo, wasimamishe dawa na kwenda siku hiyohiyo kupimwa damu, kwani mara chache dawa hiyo hupunguza mno chembe nyeupe. Wavutaji waache sigara, kwa kuwa huzidisha madhara ya macho.

Kila mmoja anaweza kuanzia nyumbani. Asimame mbele ya kioo, ainue kidevu, ameze funda la maji na kuitazama shingo yake. Akiona kitu kinachopanda na kushuka upande mmoja, asikikande, asikichanje, wala asingoje kiume. Aende akapimwe.