Mizani, Daftari na Kompyuta



Nimetakiwa kusema machache juu ya kompyuta ya ofisi yetu, kwa kuwa mimi ndimi niitunzaye.

Ushirika katika nchi hii ya pamba ulizaliwa kwa sababu ya mizani. Wazee wetu walichoka kupunjwa na wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana, chini ya Paul Bomani, kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Basi swali la kuiuliza kompyuta ni lile lile: kilo alizoleta mkulima, ndizo zilizoandikwa?

Mtambo haujui pamba. Karani akiandika 48 mahali pa 84, utaitunza 48 kwa uaminifu mkubwa na kuijumlisha bila kukosea. Kwa hiyo daini stakabadhi ya karatasi, mkaisome pale pale. Mchimba dhahabu wa Geita, je, huondoka bila kuitazama mizani?

Neno la siri ni ufunguo wa sanduku la fedha, lakini wako waliobandikao ukutani! Kila karani awe na lake, ili ijulikane nani aliandika nini. Na kila jioni nakala ya hesabu ikalazwe nyumba nyingine, maana moto hauchagui.

Wako wasemao daftari litupwe. Mimi sikubali, kwani umeme hukatika na foleni ya wakulima haingoji. Naiomba Bodi inunue betri kabla ya msimu wa ununuzi. Bei yake nimeiandika katika karatasi iliyo mbele ya Mwenyekiti.