KULINDA BODI LA PIKAPU YETU
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi



Mkutano uliopita ulikubali kwamba akiba yetu inunue pikapu ya kubeba mizigo yetu na ya kukodishwa. Sisi wachache tulitumwa kuuliza juu ya mpako unaopulizwa ndani ya bodi la nyuma, ili mizigo isilichubue na kutu isilile. Tumeuliza kwa mafundi, tumesoma karatasi za watengenezaji, na leo twaleta habari ili mkate shauri kwa kujua.

Kwanza, kwa nini kupaka? Sisi watu wa reli hatuhitaji kufundishwa habari za kutu. Twajua kwamba rangi ikichunika mahali padogo kama senti, maji huingia, na kutu hutambaa chini ya rangi nzuri bila kuonekana, mpaka siku moja nyundo hupita upande wa pili. Pikapu yetu itabeba mawe, mchanga, mabati, mbolea na chumvi. Mawe huchuna rangi. Mbolea na chumvi zikilowa humaliza kazi. Ikienda Mombasa, hata hewa ya bahari ina chumvi. Waswahili wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, ziko njia tatu, nazo zinatofautiana sana.

Njia ya kwanza ni sinia la plastiki linalotumbukizwa ndani ya bodi. Huwekwa kwa saa moja na huondolewa ukitaka. Lakini gari likitembea katika barabara ya murram, sinia hucheza na kusugua rangi. Vumbi na maji hukaa chini yake, mahali usipopaona. Kwa hiyo laweza kuzuia jiwe na huku likikaribisha kutu.

Njia ya pili ni dawa ya kopo, ambayo fundi huipaka kwa brashi au rola, au huipuliza kwa bomba dogo. Zile nzuri huja sehemu mbili, dawa na kigumisho, zikachanganywa kabla ya kupaka. Bei yake ni nafuu na kazi yaweza kufanywa popote. Upungufu wake ni kwamba ngozi yake huwa nyembamba, na isipopakwa kwa uangalifu, mahali pengine huwa nene na pengine chuma karibu kinaonekana.

Njia ya tatu ni ya mashine. Vitu viwili hupashwa moto, mara nyingi kupita digrii 60 za Selsiasi, husukumwa kwa nguvu nyingi, na hukutana mdomoni mwa bomba tu. Hapo huwa kitu kimoja, na kama ni ile iitwayo poliurea, huganda kwa sekunde chache. Ngozi yake yaweza kufika unene wa milimita 3. Kazi hii imeenea sana Marekani, ambako kampuni kama Rhino Linings na LINE-X zilipata jina. Wengine watauliza kama italemea gari. Tulipiga hesabu: bodi lenye eneo la mita 6 za mraba, likipakwa milimita 3, litaongezeka kama kilo 20. Huo si mzigo.

Na katika dawa zenyewe mko tofauti. Poliurethani huharibiwa na unyevu kabla haijaganda: maji yakikutana na kigumisho hutoa hewa, na mpako hujaa mapovu. Poliurea huvumilia unyevu zaidi. Lakini kwa zote mbili, bodi lisipakwe likiwa na maji, wala mtu asipake nje siku ya mvua. Tena, dawa nyingi nyeusi za bei ya kawaida hupauka kwa jua na kuwa kijivu. Kupauka kwa juu si kuoza, ila yule atakaye rangi idumu atalipa zaidi kwa dawa isiyopauka, au atatia tabaka la pili la kuzuia jua. Kwa gari la kazi, twaona si lazima.

Ndugu zangu, sasa twafika mahali penyewe. Kila fundi wa kweli tuliyemwuliza alisema neno moja: mpako mbaya uliowekwa juu ya chuma kilichotayarishwa vema hushinda mpako mzuri uliowekwa juu ya uchafu. Bodi lioshwe kwa sabuni, mafuta yafutwe kwa thina, kisha lipigwe msasa mpaka mng'aro wote uishe, kwa maana dawa haishiki penye utelezi. Vumbi lifutwe. Penye chuma kitupu pawekwe rangi ya kwanza. Penye tundu la kutu pakatwe na kuchomelewa kabla, wala si baada. Kupaka juu ya kutu ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba na kwenda kulala.

Tena angalieni matundu ya kutolea maji na kulabu za kufungia kamba zisizibwe. Na baada ya kupaka, mtu asichomelee chochote karibu na bodi hilo bila kuondoa mpako kwanza. Ukiungua hutoa moshi wenye sumu. Jambo hili twawaambia hasa ndugu zetu wa kuchomelea, ambao huombwa msaada na kila mtu.

Jambo la nne si la chuma bali la mapafu. Kigumisho cha dawa hizi, za mashine na nyingi za sehemu mbili, kina kitu kiitwacho isosianeti. Kikipulizwa huwa ukungu mwembamba, nao ukiingia kifuani waweza kuleta pumu ya kazi. Mtu akishapata ugonjwa huu, hata kiasi kidogo sana chaweza kumkaba pumzi, na wengine hawawezi kurudi tena katika kazi ile. Wala pua haitoi onyo la kutosha: mtu aweza kuvuta sumu bila kusikia harufu. Kwa hiyo kitambaa kilichofungwa mdomoni hakisaidii kitu. Apulizaye anatakiwa avae barakoa iletayo hewa safi kwa mpira kutoka nje, pamoja na glavu, miwani na nguo za kufunika mwili, na watu wengine wakae mbali. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2023, mfanyakazi hana ruhusa kutumia dawa za namna hii kazini kabla hajafundishwa. Hapa kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga.

Twasema hivi kwa sababu ile bei iliyo ndogo kuliko zote tuliyoletewa ilitoka katika gereji moja ambapo vijana hupuliza ndani ya chumba kisicho na dirisha, leso zimefungwa puani. Tuliwauliza kama wana barakoa. Wakacheka, wakasema wamezoea. Ndugu, kifua hakizoei sumu. Sisi tunaodai buti, glavu na kofia kwa mwajiri wetu, je, tutakwenda kununua unafuu uliotoka katika pumzi ya mtoto wa mwenzetu? Chama kinachotetea mfanyakazi mlangoni mwake na kumsahau mlangoni mwa jirani si chama.

Sasa habari ya fedha. Wako watakaosema bei ya mashine ni kubwa, na ni kweli. Lakini tusihesabu bei peke yake, tuhesabu miaka. Tuseme kwa mfano kazi moja ni shilingi 20,000 nayo yadumu miaka 2, na nyingine ni shilingi 60,000 nayo yadumu miaka 10. Ya kwanza yatula shilingi 10,000 kila mwaka, ya pili 6,000. Hizo ni hesabu za mfano tu. Kamati itie bei za kweli, na iangalie bodi zilizokwisha kufanya kazi miaka kadhaa, wala si lile jipya linalong'aa mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fundi yeyote aulizwe maswali haya: Ni dawa gani, na karatasi yake iko wapi? Unene utakuwa milimita ngapi, sakafuni na ubavuni? Bodi litatayarishwa namna gani, nasi tuje kuliona kabla ya kupakwa? Apulizaye huvaa nini? Likibanduka, nani atalirudia, na ahadi hiyo iandikwe kwa muda gani? Tena atupe kipande cha bati alichokipaka, tukikunje na kukikwaruza kwa msumari. Fundi mwema hakasiriki kuulizwa.

Shauri letu ni hili. Tuchukue kazi ya mashine, kwa fundi atakayejibu maswali hayo yote na kutuonyesha vifaa vya kinga. Kama fedha hazitoshi mwaka huu, tutumie dawa ya kopo iliyo nzuri, ipakwe kwa rola na isipulizwe, mahali penye hewa nyingi, kwa glavu na miwani na barakoa iliyoandikwa katika maagizo ya dawa yenyewe. Bodi lisipewe mzigo mpaka siku zilizoandikwa koponi zitimie. Na matumizi yote yaandikwe, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.

Hayo ndiyo tuliyotumwa kuyatafuta. Uamuzi ni wenu, kwa mikono yenu.